Guangzhou ikifungua majani, Vamizi husubiri mzigo

Kwenye vibanda vya pwani ya kaskazini mwa Cabo Delgado, kuanzia Palma hadi Vamizi na visiwa jirani, ni vigumu kupata rafu isiyo na kitu cha kutoka China. Taa ya sola, chaja ya simu, kamba ya nailoni, ndoano, beseni, chupa ya chai yenye maua mekundu: vyote vimepita bandari mbili tatu na mara nyingi mpaka mmoja, kabla ya kushushwa na mtu anayetembea majini hadi kiunoni akiwa na boksi kichwani. Kwa upande wa pili, jongoo bahari aliyekaushwa, ambaye Msumbiji wengi humwita magajojo, hutoka kwenye miamba ya pwani hii na kwenda njia hiyo hiyo kinyumenyume, hadi kwenye masufuria ya Hong Kong na Guangzhou.

Mara moja kila mwaka, kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni, njia hiyo hupunguza mwendo ghafla. Kwa siku tatu wakala wa mizigo hajibu ujumbe, kiwanda hakipokei oda na ghala halifungui mlango. Mfanyabiashara asiyejua kinachoendelea hudhani ametapeliwa. Wengine hupiga simu mara ishirini, na wengine huanza kutukana kwa ujumbe wa sauti, jambo ambalo hugharimu zaidi kuliko siku tatu zenyewe.

Kinachoendelea ni kwamba watu wako mezani na jamaa zao wakifungua mafurushi madogo ya wali yaliyofungwa kwenye majani. Furushi hilo huitwa zongzi, na siku yake huitwa Duanwu, au Sikukuu ya Mashua za Joka. Mwaka huu wa 2026 ni Ijumaa, 19 Juni.

Kwa mtu wa Vamizi, habari hii ina uzito wa pesa. Kisiwa hiki cha wilaya ya Palma, chenye urefu wa takriban kilomita 12, kilijulikana na watalii kwa matumbawe, kasa na hoteli ya kifahari. Wenyewe wa bahari wanakijua kwa kijiji chake cha wavuvi, ambako Kimwani na Kiswahili husikika pamoja na ambako wavuvi kutoka Tanzania na kutoka Nampula wamekuwa wakipiga kambi kwa miaka mingi. Septemba 2020 wapiganaji wenye silaha walivamia Vamizi na kisiwa cha jirani cha Mecungo. Watu walikimbia na nyumba zikachomwa. Mwezi mmoja kabla yake mji wa bandari wa Mocímboa da Praia ulikuwa umeanguka, na ulikombolewa Agosti 2021. Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma. Aliyefungua kibanda baada ya yote hayo amefungua kwa mtaji mwembamba, mara nyingi wa kukopa. Mtaji wa namna hiyo ukikaa bure wiki moja mahali fulani kati ya Guangzhou na Mtwara, nyumbani hakuliki.

Wali unaotakiwa kushikana

Mpishi wa pwani ya Waswahili hupimwa kwa wali unaochambuka. Punje ikishikamana na mwenzake, wakwe hutazamana. Zongzi hupimwa kinyume kabisa: ukifungua majani na punje zikamwagika, aliyepika ameshindwa kazi.

Siri iko kwenye mchele wenyewe. Ni mchele wa kunata, aina ya peke yake ambayo wanga wake huyeyuka na kuvutana ukipikwa. Mchele wa Kyela au Mbeya hautafanya kazi hiyo hata ukizidishiwa maji mpaka uwe uji. Punje zake mbichi ni nyeupe kama chokaa, haziangazi kama za mchele wa kawaida, na mtu anayeuziwa gunia la mchele wa aina hiyo bila kujua huenda akadhani ni mchele ulioharibika.

Mchele huo huloweshwa saa kadhaa, wengine usiku kucha. Majani, ya mwanzi au ya matete kutegemea mkoa, huchemshwa yalainike. Kisha majani mawili hukunjwa kuwa koni, mfano wa karatasi ya muuza karanga, na mchele hutiwa ndani, halafu kitoweo katikati, halafu mchele tena juu. Majani hukunjwa kufunika mdomo, furushi hupata pembe tatu au nne, na uzi hukazwa kulizunguka. Kazi ya kukunja ndiyo inayowatofautisha bibi na wajukuu. Wajukuu hufunga furushi linalovuja.

Baada ya hapo ni moto. Zongzi huchemshwa kwa saa nyingi ndani ya maji yanayofunika mafurushi yote, na maji yakipungua huongezwa. Harufu ya jani huingia kwenye wali polepole. Mtu aliyewahi kukaa jikoni Uganda wakati wa luwombo, au aliyekula mtoto wa samaki aliyechomwa ndani ya jani la mgomba, ataitambua harufu hiyo kabla hajaambiwa chochote. Bukini, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka Cabo Delgado, wana koba: unga wa mchele, karanga, ndizi mbivu na sukari, vyote hufungwa kwenye jani la mgomba, hupikwa muda mrefu na kuuzwa barabarani kwa vipande. Wamalei na Waindonesia wana ketupat, wali unaopikwa ndani ya kifuko kilichosukwa kwa majani ya mnazi, nao huula siku ya Idd. Watu wa pwani hii husuka jani hilo hilo kwa makuti na vikapu.

Mchele wenyewe si wa juzi katika ukanda huu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta katika visiwa vya Komoro mabaki ya mchele wa Asia na choroko ya tangu karne ya nane hadi ya kumi, na utafiti huo uliochapishwa mwaka 2016 uliyaunganisha na wahamiaji wa baharini kutoka kusini-mashariki mwa Asia. Mchele na choroko. Mswahili akivipika pamoja huita mseto. Mkantoni wa Guangdong akivipika pamoja huvifunga kwenye jani na kuviita zongzi.

Ladha hubadilika kutoka mji hadi mji, na mfanyabiashara anayezunguka huko atakutana na tofauti hizo. Anayenunua Yiwu yuko mkoa wa Zhejiang, nyumbani kwa zongzi za Jiaxing, ambazo kampuni ya Wufangzhai imekuwa ikizitengeneza tangu 1921 na ambazo huuzwa hata kwenye vituo vya kupumzikia kando ya barabara kuu. Hizo ni za chumvi, wali wake una rangi ya kahawia kwa sababu ya mchuzi wa soya. Anayenunua Guangzhou atapewa furushi kubwa zaidi lenye choroko iliyokobolewa, kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi, na pengine uyoga na kamba wakavu. Kaskazini mwa China wanapenda tamu: ndani kuna tunda jekundu lililokauka ambalo watu wengi wa kwetu huliita tende ya Kichina. Si tende. Ni ndugu wa kunazi, zile zile ambazo watoto wa pwani huokota chini ya mti wakitoka chuoni.

Ipo pia zongzi isiyo na kitu ndani, ya rangi ya manjano, ambayo mchele wake umetiwa maji ya magadi. Huliwa ikiwa baridi, kwa kuchovya kwenye sukari au asali. Kwa ulimi wa mtu aliyezoea vitumbua na kalimati, pengine hiyo ndiyo ya kuanzia.

Nyama isiyotajwa jina

Hapa ndipo mfanyabiashara Mwislamu, na wengi wa pwani ya Vamizi, Palma, Mtwara na Lindi ni Waislamu, anapaswa kuwa macho. Katika zongzi nyingi za chumvi za Jiaxing na Guangdong, nyama iliyomo ni ya nguruwe. Tatizo ni kwamba jina la chakula mara nyingi halisemi hivyo wazi. Katika Kichina cha kila siku, neno la nyama, rou, likisimama peke yake kwenye chakula huwa na maana ya nguruwe. Nyama nyingine ndiyo hutajwa jina: ya ng'ombe ni niurou, ya kondoo ni yangrou. Kwa hiyo muuzaji anayejibu kwamba ndani kuna nyama tu hajadanganya, na mgeni aliyetafsiriwa hivyo na simu yake hajasaidiwa.

Hata tamu zina mtego wake. Zile za maharage mekundu yaliyosagwa mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe ili zilainike. Neno la kutafuta ni qingzhen, ambalo Wachina hulitumia kwa chakula halali. Huandikwa mara nyingi kwa rangi ya kijani kwenye mabango ya migahawa ya Waislamu. Wahui, Waislamu wa China wenye historia ndefu nchini humo, hawakuiacha zongzi kwa sababu ya nguruwe. Waliibadilisha. Katika mtaa wao wa Xi'an huuzwa zongzi ya wali mtupu iliyopozwa, ikakatwa vipande kwa uzi na kumwagiwa asali juu.

Guangzhou pia ina misikiti ya zamani. Huaisheng una mnara wake wa kale, na Xianxian una kaburi ambalo mapokeo ya huko husema ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Msikiti wa Xianxian siku ya Ijumaa hujaa Waafrika wanaofanya biashara mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli. Mwaka huu Duanwu imeangukia Ijumaa, kwa hiyo aliyeko huko atatoka kuswali na kukuta mji mzima uko likizo. Ni mahali pazuri pa kuuliza waliotangulia wapi pa kula.

Na ikiwa mwenyeji amekuletea boksi la zawadi ambalo huwezi kula? Kulipokea kwa mikono miwili na kushukuru hakuvunji dini ya mtu. Kulikataa mlangoni huvunja mengine. Viwanda na mawakala hupenda kuwapa wateja wao maboksi haya kabla ya sikukuu, na aliyeeleza mapema, kwa utaratibu, kwamba hali nguruwe, mwaka unaofuata hupata yenye kunazi au ya maharage. Kuyarudisha nyumbani ni jambo lingine: bidhaa za nyama bila kibali huleta maneno na maafisa wa mifugo kwenye viwanja vya ndege, hata zikiwa zimefungwa bila hewa na zimeandikwa zitadumu miezi.

Tahadhari ya mwisho ni ya tumbo. Wali wa kunata ni mzito kuliko unavyoonekana. Mbili zinatosha, na chai moto isiyo na sukari husaidia. Jani haliliwi, ingawa kila mwaka kuna mgeni anayejaribu.

Mwezi mmoja, kalenda mbili

Duanwu ni siku ya tano ya mwezi wa tano katika kalenda ya Kichina, na kalenda hiyo, kama ya Kiislamu, hufuata mwezi wa angani. Ndiyo maana mwaka jana ilikuwa 31 Mei, mwaka huu ni 19 Juni na mwaka ujao itakuwa 9 Juni. Tofauti ni kwamba Wachina huongeza mwezi wa kumi na tatu katika baadhi ya miaka, mara saba katika kila miaka 19, ili miezi isiachane na majira. Idd huzunguka mwaka mzima, ikapita kiangazi na masika. Duanwu haitoki kwenye Mei ya mwisho na Juni.

Mvuvi wa Vamizi hahitaji kalenda ya ukutani kuijua. Mwezi mwandamo wa mwaka huu katikati ya Juni ndio unaofungua Muharram ya mwaka 1448 Hijiria, na ndio huo huo unaofungua mwezi wa tano wa Kichina. Akiona mwezi mwembamba magharibi baada ya magharibi, bamvua likiwa limeanza kupungua nguvu, ajue Guangzhou wameshalowesha mchele. Mwaka jana ilikuwa katika siku za mwanzo za Mfunguo Tatu, wiki moja hivi kabla ya Idd el-Hajj, na waliokuwa wanangoja bidhaa za Idd walizisikia siku hizo tatu vizuri.

Kisa cha sikukuu chenyewe ni cha maji, na mtu wa bahari atakielewa haraka. Qu Yuan alikuwa mshairi na waziri wa dola ya Chu aliyefukuzwa na watawala aliowashauri. Mwaka 278 Kabla ya Kristo, kwa mujibu wa mapokeo, dola yake ikiwa inaanguka, alijitosa katika mto Miluo ulioko mkoa wa Hunan. Wanakijiji walikimbilia mitumbwi kumtafuta, na walipokosa mwili wake walitupa wali majini ili samaki wale huo na wamwache yeye. Mashindano ya mashua ni ile mbio ya kumtafuta, na zongzi ni ule wali. Suzhou wana kisa tofauti, cha waziri mwingine aliyeitwa Wu Zixu ambaye maiti yake ilitupwa mtoni, na wanahistoria wengi wanaona sikukuu ni kongwe kuliko wote wawili: mwezi wa tano ulihesabiwa kuwa mwezi wa maradhi, joto na wadudu. Ndiyo sababu hadi leo milango hutundikwa matawi ya mmea wa harufu kali, jamaa wa pakanga ile iliyotoa dawa ya mseto ya malaria, na watoto hufungwa nyuzi za rangi tano mkononi. Bibi yeyote wa pwani anayefukiza nyumba magharibi ikiingia hatacheka.

China iliifanya siku hii kuwa mapumziko ya kitaifa mwaka 2008, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009. Hong Kong na Macau nako ni mapumziko. Macau ina jambo lake kwa Msumbiji, kwani zote mbili zilitawaliwa na Ureno, na tangu 2003 mji huo una jukwaa la biashara kati ya China na nchi zinazozungumza Kireno. Watu wa Guangdong pia walikaa Msumbiji muda mrefu. Beira na Lourenço Marques, Maputo ya leo, zilikuwa na jumuiya za Wachina tangu mwishoni mwa karne ya 19, hadi wengi wao walipoondoka wakati wa uhuru mwaka 1975, wakaenda Ureno na Brazil. Kwa hiyo si kweli kwamba zongzi zilianza kupikwa Msumbiji pale makampuni ya barabara na mbao yalipokuja.

Guangzhou yenyewe ina desturi ambayo mafundi wa majahazi wa pwani hii wangependa kuiona. Katika vijiji vilivyomezwa na jiji, kama Chebei na Liede, mashua ndefu za joka hazihifadhiwi bandani. Huzikwa kwenye tope la mto mwaka mzima ili mbao zisipasuke kwa hewa na jua. Karibu mwezi mmoja kabla ya Duanwu vijana huingia majini, huondoa tope kwa mikono na ndoo, na kuiinua mashua, nyingine ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 30. Kisha vijiji hutembeleana kwa mashua, ngoma zikipigwa, na hula pamoja chini ya mahema. Mgeni aliyealikwa na mwenye kiwanda kwenye karamu hiyo ameheshimiwa kuliko aliyepewa punguzo la bei. Huko salamu inayopendwa ni "Duanwu ankang", maana yake heri ya afya na salama. Wapo wanaosema kuwatakia watu furaha siku ya kifo cha Qu Yuan si adabu, na wapo wanaosema huo ni ukali wa juzi tu. "Ankang" haimkwazi mtu yeyote.

Hesabu ya Jumatano

Chukua mfanyabiashara wa Mtwara anayepeleka bidhaa Palma na Vamizi. Jumatano 17 Juni, saa nane mchana, anatuma malipo ya mwisho ya taa za sola. Guangzhou ni saa moja usiku, mhasibu ameshaondoka. Kama angetuma akiwa Vamizi saa hiyo hiyo ya nane, kule ingekuwa saa mbili, kwa sababu Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Inabaki Alhamisi peke yake, na Alhamisi wafanyakazi wanaotoka mikoani wamebeba mabegi. Ijumaa hadi Jumapili ni kimya. Pesa inaonekana Jumatatu 22, mzigo unafika ghala la wakala siku moja au mbili baadaye, na kontena la pamoja ambalo lingeuchukua limeshafungwa. Siku tatu zimekuwa wiki, pengine mbili. Baada ya safari ya baharini na forodha ya Dar es Salaam, mzigo unapoanza kuelekea Mtwara na kisha kusini, kusi bado inavuma, na chombo kidogo kinachoteremka kwenda Vamizi kinapanda upepo.

Forodha ya Ruvuma haitamfidia. Tanzania na Msumbiji ziko pamoja katika SADC, lakini unafuu wa ushuru wa jumuiya hiyo ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani yake. Taa ya sola ya Guangzhou haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kulala wiki mbili Dar es Salaam. Kilichobaki mkononi mwa mfanyabiashara ni tarehe: malipo yatoke angalau siku kumi kabla ya sikukuu, na oda kubwa isipangwe kukamilika ndani ya wiki yake. Hesabu hiyo hiyo itarudi 25 Septemba kwenye Sikukuu ya Katikati ya Vuli, 1 Oktoba kwenye mapumziko marefu ya taifa, na zaidi ya yote kwenye Mwaka Mpya wa Kichina, ambao viwanda vingi hufunga kwa wiki kadhaa.

Muuzaji wa jongoo bahari naye ana hesabu yake. Soko kubwa la vyakula vikavu vya baharini Guangzhou liko mtaa wa Yide, na mtaa huo huo una maduka ya jumla ya wanasesere na mapambo yanayorudi Afrika kwa kontena. Jongoo anayesubiri wiki moja haozi, ila bei iliyokubaliwa kwa mdomo husahaulika, na mnunuzi wa kati aliyeahidi kulipa baada ya kulipwa hupata sababu ya kuchelewa. Hapa kuna la sheria pia. Tangu Agosti 2020, jongoo wenye chuchu ubavuni, weupe na weusi, wako chini ya mkataba wa CITES, na tangu Mei 2024 wameongezwa wale wa miiba wanaofanana na nanasi. Hawavuki mpaka bila kibali cha nchi wanakotoka. Baada ya miaka ya kuvuna bila kuhesabu, miamba mingi ya Afrika Mashariki imekwisha jongoo wa bei, na anayeyanunua kwa magunia bila karatasi ananunua pia kesi.

Wakati huo, Guangzhou, sikukuu itakuwa imekwisha. Maduka yatafunguliwa Jumatatu 22 Juni saa tatu asubuhi, ambayo Vamizi ni saa tisa usiku, mwezi wa siku ya nane ukiwa umekwisha kuzama na bahari iko kwenye maji mafu. Mwenye kibanda atakayeamka alfajiri na kuwasha simu atakuta ujumbe wa wakala kwenye WeChat: picha ya mafurushi ya kijani kwenye sahani, na chini yake namba ya kontena.